Piza Isiyo na Ngano London: Kabla Hujala, Chungulia Jikoni

Msomaji wangu, kama umewahi kukanda chapati unajua mwenyewe kwamba unga wa ngano una kiburi chake. Unauvuta huku, unarudi kule. Unausukuma uwe duara, wenyewe unajikunja kama mtoto aliyenyimwa peremende. Kinachoufanya uvutike namna ile ni kitu kinachoitwa gluteni, nayo ni protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka moja ya kizungu iitwayo rai. Bila gluteni hakuna chapati ya kukunja, hakuna boflo la kuumuka, na wala hakuna piza. Sasa leo nataka nikuchukue twende London, kwenye migahawa ya piza yenye matawi kila mtaa, tukatafute piza ambayo hiyo gluteni haimo kabisa.

Usicheke. Najua wapo watakaosema haya ni maringo. Mtu na akili zake aingie kwa muuza piza halafu aseme hataki ngano? Si sawasawa na kwenda kwa muuza chipsi ukamwambia hutaki viazi? Na kweli wenye maringo wapo. Huko Ulaya na Marekani kuna watu tele walioacha ngano kwa sababu tu wamesoma mahali kwamba inanenepesha. Hao tuwaache na mambo yao, ingawa baadaye nitarudi kuwasema kidogo, maana wana faida yao na wana hasara yao.

Mimi ninayemzungumzia ni mtoto wa dada yangu mkubwa, binti wa miaka 15, ambaye aliondoka Dar es Salaam akiwa na miaka sita na sasa wanaishi na wazazi wake nje kidogo ya London. Mtoto huyu alikuwa hakui. Wenzake wanarefuka, yeye yuko pale pale. Damu inapungua, anapewa vidonge vya madini ya chuma, damu inapanda, baada ya muda inashuka tena. Tumbo linajaa, choo hakieleweki, anachoka hadi anasinzia darasani. Huku nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama yetu alisema ni minyoo, shangazi yake akasema ni baridi ya Ulaya, na mjomba mmoja, ambaye hakosi la kusema, akataka aletwe Tanga kwa mtaalamu. Alipofikisha miaka 12 ndipo daktari mmoja akaagiza apimwe damu kipimo ambacho hakijawahi kupimwa, kisha wakamwingiza mpira wenye kamera tumboni wakachukua kinyama kidogo. Jibu likatoka: ana ugonjwa wa siliaki.

Kwa lugha ya jikoni ni hivi. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo vidogo mithili ya taulo, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Mtu mwenye siliaki akila gluteni, askari wa mwili wake wanaiona kama adui, wanaanza vita, na katika vita hiyo wanayakata yale manyoya ya taulo hadi utumbo unabaki laini kama sakafu. Chakula kinapita tu. Si mzio kama ule wa mtu anayekula kamba akavimba mdomo. Ni mwili kujipiga wenyewe. Hauna sindano, hauna kidonge. Dawa yake ni moja tu, kuacha gluteni maisha yako yote, na ukiacha kweli yale manyoya yanaota tena. Huko Uingereza inakadiriwa kwamba katika kila watu 100 mmoja anao, na wengi wao hawajui.

Basi mwaka jana mwezi wa saba nikaenda kuwatembelea. Siku ya pili tu dada akaniambia kwamba mwanawe siku hizi hatoki na wenzake. Wakimwalika mahali anasema ana kazi ya shule. Wakienda kula, yeye anakula nyumbani kwanza kisha anakwenda kukaa na glasi ya maji, na mwishowe akaona bora asiende kabisa. "Zungumza naye wewe," dada akasema, "mimi ananiona askari." Nikamwita mpwa wangu nikamuuliza, mwanangu, chakula gani unakitamani kuliko vyote? Hakufikiri hata kidogo. "Piza, Mamdogo. Piza ya kukaa mezani na watu."

Nikamwambia basi tutakwenda kuitafuta, mimi na wewe, tuone nani anaijua kazi na nani anatuzuga.

Jumamosi tukapanda treni hadi mjini, tukabadilisha, tukashukia kituo cha Russell Square. Kituo hiki kiko chini ardhini kiasi kwamba watu hupanda kwa lifti, na asiyependa lifti ana ngazi 175 za kupanda kwa miguu yake. Sisi tulipanda lifti. Nilimpeleka huko makusudi, maana nilitaka tuanzie Great Ormond Street, penye ile hospitali maarufu ya watoto, ni mwendo wa dakika chache tu kutoka kituoni. Hatukwenda kutibiwa. Nilitaka aione nyumba ambayo ugonjwa wake ulielezwa.

Maana ni hapo, mwaka 1887, daktari mmoja aliyeitwa Samuel Gee alitoa mhadhara kuhusu watoto wanaodhoofika huku matumbo yakijaa, na mwaka uliofuata maneno yake yakachapwa. Gee hakujua kosa ni la ngano. Lakini alisema jambo moja la maana sana, kwamba kama mgonjwa huyu atapona, basi atapona kwa chakula. Anamtaja mtoto aliyekuwa akilishwa kome wa Kidachi kila siku, akanawiri vizuri kabisa, msimu wa kome ulipokwisha akarudia hali yake ile ile. Mpwa wangu aliposikia habari ya kome akakunja uso. "Bora njaa," akasema.

Nikamwongezea ya pili. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, akatangaza kwamba anawatibu watoto hawa kwa ndizi. Ndizi mbivu, bwana! Na watoto waliokuwa wanakufa wakawa wanapona, ikadhaniwa kwamba ndizi ina muujiza fulani, kumbe muujiza ni kwamba aliyeshiba ndizi hali mkate. Aliyelifumbua fumbo ni Mdachi, Willem Dicke. Yeye alishaanza kuushuku mkate tangu miaka ya 1930, kisha katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipoibana Uholanzi kwa njaa hadi watu wakala vitunguu vya maua, akaona kwamba wakati watoto wengine wanakonda, wagonjwa wa siliaki wanapata nafuu. Mkate haukuwepo! Vita ilipokwisha na mkate uliporudi, nao wakarudia ugonjwa. Utafiti wake ulitoka mwaka 1950. Kwa hiyo, msomaji, kabla ya hapo watu walikuwa wanakufa kwa kitu ambacho wenzao walikuwa wanakiombea kila asubuhi.

Kutoka hapo tukatembea, tukakatisha ile bustani ya Russell Square, tukapita ubavuni mwa jumba la makumbusho la British Museum penye mlolongo wa watalii, hadi Coptic Street. Ni kimtaa kifupi tu. Pembeni yake kuna jengo ambalo zamani lilikuwa la kampuni ya maziwa, na ndani yake kuna tawi la pili kabisa la PizzaExpress, lililofunguliwa mwaka 1967. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1965 na Mwingereza aitwaye Peter Boizot, ambaye aliwahi kuishi Italia, akarudi kwao akakuta piza ya maana hakuna, akaagiza jiko kutoka Naples akafungua mgahawa Wardour Street, mtaa wa Soho. Mgahawa ule wa kwanza ulifungwa mwaka 2020, wakati wa korona, pamoja na mengine mengi. Huu wa Coptic Street ukabaki.

Sasa hapa ndipo shule yangu ilipoanzia. Nilidhani tutaangalia menyu, tutaona alama, tutaagiza, basi. Mpwa wangu hakuishika hata menyu. Alimsubiri mhudumu, akamtazama usoni, akamuuliza maswali kama hakimu. Mkate wake unatoka wapi? Unapikwa kwenye sufuria yake peke yake? Kisu cha kukatia ni kipi? Unga mnaonyunyizia mezani ni wa nini?

Mhudumu, kijana wa Kihispania, hakukasirika. Akasema la mkate analijua, la kisu analijua, ila ngoja akamwite mkuu wa zamu aje athibitishe. Mpwa wangu akaninong'oneza: "Huyu mzuri." Nikamuuliza kwa nini, wakati hata hajajibu yote? Akasema, "Mamdogo, wanaosema 'hamna shida, hamna shida' ndio wanaoniumiza. Anayekwenda kuuliza anajua kwamba kuna shida."

Jamani, maneno haya ya mtoto wa miaka 15 nimeyabeba hadi leo.

Mkuu wa zamu akaja. Mwaka 2013, kampuni hiyo ilipoleta piza isiyo na gluteni, ilifanya jambo moja la busara ambalo mteja wa kawaida halioni. Ule unga mkavu wa kunyunyizia ili donge lisinate mezani, ambao ndio unaoruka na kutua kila mahali, wakaubadilisha, wakaweka usio na gluteni, kwa piza zote, hata za wale wanaokula ngano. Wakashirikiana na chama cha wagonjwa hawa cha Coeliac UK, ambacho kipo tangu mwaka 1968, na ambacho hukagua jiko na kutoa kibali. Mkate wenyewe huja umeshatengenezwa, hauandaliwi pamoja na madonge ya ngano. Yaani hawakumtegemea mpishi akumbuke. Walipanga jiko ili hata akisahau, madhara yawe madogo.

Piza ikaja. Ya kwake nyanya na jibini, ya kwangu na uyoga, zote mbili zisizo na gluteni, maana nilisema siwezi kuandika kitu ambacho sijakionja.

Nikuambie ukweli, na ukweli wenyewe si wa kumpendelea mtu. Ikitoka jikoni ya moto ni nzuri. Ukingoni inakatika kama biskuti, katikati ni laini, na mchuzi wa nyanya na jibini vinafunika mengi. Lakini haina ule mvuto, ule wa kuuma halafu ukavuta na kichwa kikaenda nyuma. Na usiiache ipoe! Piza ya ngano ikipoa inakuwa ngumu kiasi, hii ikipoa inakuwa kama chapati iliyolala siku mbili. Mpwa wangu anakula haraka, sasa nilijua kwa nini. Ukiniuliza mimi alama ngapi, nampa saba kwa kumi ikiwa moto, na nne baada ya robo saa.

Nikauliza wametengeneza kwa nini. Mikate ya namna hii kwa kawaida ni unga wa mchele, wanga wa viazi, wanga wa muhogo, gundi maalumu ya chakula ya kuushika usimeguke, na mara nyingi maganda ya isabgoli, yale yale wanayouza maduka ya Wahindi kwa ajili ya kulainisha tumbo. Msomaji, umesikia? Muhogo! Huo tunaodharau kwamba ni chakula cha shida, wenzetu wanaununua kwa bei ya juu, wanaupa jina la tapioka, kisha unarudi mezani ukiwa na jibini juu yake.

Safari ya pili haikuwa na raha. Jumatano jioni dada alichelewa kazini, nikasema ngoja ninunue piza ya kuchukua, maana karibu na stesheni yao kuna tawi la kampuni moja, jina silitaji. Dirishani wamebandika tangazo kubwa lenye rangi ya kijani: piza bila gluteni ipo. Tukaingia, nikalipa. Kijana wa kaunta akasema maneno yale yale, hamna shida. Bahati nzuri jiko lao liko wazi, unaona kila kitu. Mpishi alikuwa anakanda madonge ya ngano, mikono meupe hadi kwenye kiwiko, hewa yenyewe imejaa vumbi la unga kama mashine ya kusaga. Akakung'uta mikono kwenye aproni, akachukua ule mkate maalumu kwenye pakiti yake, akauweka juu ya meza ile ile, akachota mchuzi kwa upawa ule ule ambao umetoka kugusa donge la ngano, akatupia jibini kutoka kwenye bakuli ambalo mikono ile imeshaingia mara 50. Kisha akausukuma ndani ya jiko kwa beleshi la mbao lililojaa unga.

Mpwa wangu akanishika mkono. "Mamdogo, twende."

Nikasema nataka hela yangu. Meneja akatoka, akasema piza yetu haina gluteni, tazama pakiti, imeandikwa. Nikamwambia pakiti haina, ila mikono ya mpishi wako inayo. Akasema kidogo namna hiyo haidhuru mtu. Hapo nikapandisha sauti, maana uswahili wangu nao ulisafiri na ndege ile ile niliyopanda mimi. Hela ilirudi.

Je, kidogo namna hiyo haidhuru? Tufanye hesabu. Kwa sheria za Uingereza, za nchi za Ulaya na za Marekani, chakula kikiitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo nzima ya chakula. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuuharibu utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gluteni gramu mbili hivi, yaani miligramu 2,000. Kwa hiyo chembe zilizoanguka kutoka kwenye kipande kimoja, zile unazozipangusa mezani bila kufikiri, zinaweza kuwa nyingi kupita kiasi. Na mgonjwa mwingine hatapiki, wala haumwi siku hiyo. Anaharibika polepole, kimya kimya, huku mwenye mgahawa anasema mbona mteja amekula na hajalalamika.

Ndiyo maana nasema jina la kampuni peke yake halikusaidii. Chukua mfano wa Domino's. Marekani walileta mkate usio na gluteni mwaka 2012, na wenyewe, kwa maandishi yao, wakawaonya wenye siliaki wasiile, kwa sababu inaandaliwa kwenye jiko moja na ngano. Sasa jina hilo hilo, ukivuka bahari hadi Uingereza, piza yao ilipata kibali cha Coeliac UK. Mlango unafanana, nembo inafanana, jiko si moja. Mimi hata hao wa Marekani nawapa heshima yao, maana angalau walisema ukweli badala ya kubandika tangazo la kijani. California Pizza Kitchen, wa Marekani vilevile, waliwahi kuileta wakaiondoa mwaka 2011 baada ya wateja kulalamika kwamba wanaugua, kisha mwaka 2013 wakairudisha baada ya kuwafundisha wapishi na kutenga vyombo. Na Pizza Hut Uingereza waliamua kuifanya ya pembe nne. Unaona akili hiyo? Ya kawaida duara, ya mgonjwa mraba. Hata mpishi aliyechoka usiku wa manane hawezi kuzichanganya.

Kuna ujanja mwingine wa menyu wa kuujua. Utakuta pameandikwa "bila gluteni", na pengine utakuta maneno marefu kwamba chakula hiki "hakina viambato vyenye gluteni". Ukiyasoma haraka unaona ni kitu kimoja. Si kimoja! La kwanza ni ahadi yenye kipimo cha sheria. La pili linasema tu kwamba sisi hatukuweka ngano kwa makusudi, ila kama imejirukia humo shauri lako. Tangu Desemba 2014 migahawa ya Uingereza inalazimika kumwambia mteja kama chakula kina mojawapo ya vitu 14 vinavyodhuru watu, na nafaka zenye gluteni zimo. Wanalazimika kukuambia walichoweka. Kukuonyesha jiko ni hiari yao.

Na hapo ndipo ninaporudi kwa wale wenye maringo. Faida yao ni kwamba wamekuwa wengi, ndiyo maana makampuni makubwa yamehangaika kuleta piza hizi, wagonjwa peke yao wasingetosha kuwashtua. Hasara yao ni kwamba mteja wa maringo akishakula piza isiyo na gluteni anaagiza bia ya shayiri na kipande cha keki. Mhudumu anayaona hayo kila siku. Siku akija mgonjwa wa kweli anadhani naye ni wale wale, anasema hamna shida.

Msiniambie kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti wa watoto karibu 1,000 wa Kisahrawi, wale wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko kambini Algeria, Afrika hii hii. Waliokutwa na siliaki walikuwa asilimia 5.6. Ni zaidi ya mara tano ya Uingereza! Na chakula chao kikubwa ni mkate wa ngano. Sisi nasi tunakokwenda ni huko huko: asubuhi mandazi, mchana chapati maharage, jioni mkate, na sambusa hapo katikati. Zamani mtoto wa Kibondei aliyezaliwa na tatizo hili angeweza kuishi kwa muhogo, ndizi na ugali wa mahindi hadi uzeeni asijue kamwe. Kama nyumbani kwako kuna mtoto ambaye damu haishiki na tumbo halitulii, na minyoo imeshatafutwa haipo, muulize daktari kuhusu kipimo hiki. Ila usimwachishe ngano kabla ya kupimwa, maana ukimwachisha kipimo hakitaona kitu.

Alhamisi tulikaa nyumbani. Nikamwonyesha mpwa wangu mkate wa kumimina, ule wa kwetu wa unga wa mchele, tui, hamira, sukari kidogo na iliki. Hii ya siku hiyo tuliacha sukari na iliki. Tukaumimina mwembamba kwenye trei, ukaiva nusu, tukapaka nyanya, tukaweka jibini, tukaurudisha kwenye oveni. Shemeji alikula vipande vinne huku anauliza hii ni ya mgahawa gani. Haikuvutika, sawa, lakini ilipopoa haikugeuka ubao, na hapo nadhani tuliwashinda wa Coptic Street. Kama kuna mwenye mtaji anayesoma ukurasa huu, wazo hilo nimelitoa bure.

Kabla sijaondoka, rafiki wa mpwa wangu alikuwa anatimiza miaka 16, na sherehe ilikuwa kwenye mgahawa wa piza, wasichana tisa. Safari hii hakusema ana kazi ya shule. Siku moja kabla alipiga simu mwenyewe kwenye tawi lile, akauliza maswali yake yote, akaandika jina la aliyemjibu. Tukakubaliana nimpeleke mimi, kwa sharti moja. "Mamdogo, ukae meza nyingine. Mbali."

Nikakaa mbali. Nilinunua chai, nikajifanya nasoma gazeti. Chakula kikaja, tisa kwa pamoja, yake kwenye sahani ya rangi tofauti, mhudumu akaitanguliza na kumwambia neno. Kelele zikaanza, picha zikapigwa. Mara rafiki aliyeketi kando yake akanyoosha kipande chake cha kawaida, anataka wabadilishane kama watoto wanavyofanya. Mpwa wangu akaivuta sahani yake nyuma, akacheka, akasema kitu ambacho sikukisikia. Yule rafiki akainuka, akaenda kunawa mikono, akarudi, ndipo akamegewa.